Nani Anaanza Kulala

Kaka yangu,

Shikamoo. Sisi huku wazima. Paa la jikoni bado linavuja, na fundi wake bado anasema "kesho".

Jumapili nilipangiwa kuwafundisha watoto wadogo unabii wa Isaya, ule wa chui kulala pamoja na mwana-mbuzi. Watu wazima wenyewe husinzia hapo! Nikaona bora tuigize. Mtoto wa fundi cherehani akawa chui. Binti wa mdogo wetu, yule mwenye maswali kama hakimu, akawa mbuzi. Nikatandika mkeka, nikasema, "Haya, laleni."

Binti akagoma. "Shangazi, nani anaanza kulala?"

Nikafungua Biblia, nikasoma tena. Haijaandikwa.

Chui ndiye aliyeniokoa. Alijilaza, akageukia ukutani, akaziba meno kwa kiganja. "Naanza mimi," akasema, "maana mimi ndiye ninayetisha." Mbuzi akaja mbio, akajilaza ubavuni mwake, wakaangua kicheko.

Kaka, tangu tugawane nyumba ya baba, wewe na mdogo wetu hamsalimiani. Nani ana haki, mimi sijui, wala sikuulizi. Ila wewe ndiye mkubwa, na sauti yako anaiogopa tangu utotoni.

Binti yake amekuchorea picha, nimeiweka humu kwenye bahasha. Utaona chui amevaa miwani kama yako.

Namba ya simu ya baba yake ni ileile.

Ni mimi dada yako,
mwalimu wa chui na mbuzi