Pamba Mdomoni

Bunia, tarehe 14 Septemba 2003

Yaya Musoki, dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na shemeji Athanase na watoto wote. Natumaini barua hii itawakuta wazima, isipokuwa hilo shavu lako. Sisi huku tunapumua. Tangu askari wa kigeni waingie mjini, soko limefunguliwa tena, nami nauza sabuni na chumvi kama zamani, ingawa nusu ya wateja wangu hawapo tena. Barua yako niliipata kwa mkono wa Assani, dereva, yapata wiki tatu sasa. Unisamehe kwa kuchelewa. Si kwamba nilikosa kalamu.

Uliniandikia mambo mawili. La kwanza, gego lako la mwisho linaota kwa ubavu, muganga wa meno amesema lazima litoke, nawe unataka nikueleze yatakayokupata kwa kuwa langu lilitolewa mwezi wa pili. La pili, Joëlle, mjane wa Anaclet, uliyempokea nyumbani kwako alipofika kwa miguu kupitia Boga akiwa na mimba ya miezi sita, amejifungua mtoto wa kiume. Anataka abatizwe kwa jina langu, nami niwe baba yake wa ubatizo. Sehemu hiyo nimeisoma mara nyingi, na kila mara nimeikunja barua na kuirudisha chini ya kopo la chumvi. Nianze na jino, maana hilo linasemeka.

Sindano usiiogope. Najua utacheka, mimi ndiye niliyekimbia chanjo nikajificha kwenye magunia ya kahawa ya Baba, nawe ukanitoa kwa kunivuta sikio. Muganga wangu wa meno, Léon, dispensari yake ilikuwa imeporwa hadi milango, kwa hiyo alifanyia kazi sebuleni kwake, karibu na dirisha, kwenye kiti alichoazima kwa kinyozi. Alinichoma mara tatu, kisha tukangoja mdomo ufe ganzi. Ukiugusa unadhani umegusa mdomo wa mtu mwingine. Gego lililolala hawalivuti zima. Atapasua ufizi kidogo, atalivunja vipande viwili, kila kipande kitoke peke yake. Utasikia kusukumwa na kuvutwa, na mlio ndani ya sikio kama mtu anavunja kuni, lakini maumivu hutayasikia. Ukiyasikia, inua mkono, ataongeza dawa. Halafu atakushona nyuzi mbili tatu.

Baada ya hapo atakupa pamba. Utaing'ata saa moja nzima bila kusema neno, ili damu igande. Siku hiyo usiteme mate ovyo, usifyonze kitu kwa mrija, usisukutue. Kesho yake ndipo uanze maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Kula uji uliopoa. Siku ya tatu shavu litavimba kuliko siku ya kwanza, usishtuke wala usimwache Athanase akutanie. Ila ukisikia maumivu makali yanayopanda sikioni, na mdomo unanuka vibaya, rudi upesi kwa muganga, maana donge la damu limetoka mahali pake.

Sasa, Yaya, jino limekwisha, na sina tena pa kujificha.

Anaclet alishona nguo kwenye baraza ya duka langu miaka sita. Alikuwa mtu wa kuimba vibaya na kukata kitambaa vizuri. Wiki ile ya jino langu, vijana wa bunduki walikuwa wanatafuta watu wa kabila lake. Wiki nyingine walitafutwa wengine, ndivyo tulivyoishi. Sisi tuliotoka Butembo hakuna aliyetugusa siku hizo. Yeye na Joëlle walikuwa wamejificha kwangu siku tisa, katika chumba cha nyuma ninapoweka chumvi, na hakuna mtu wa mtaani aliyejua.

Kwenda kwa Léon ni mwendo wa nusu saa. Ningeweza kwenda peke yangu. Nilimwomba Anaclet anisindikize kwa sababu niliogopa koleo, mimi mtu mzima wa miaka arobaini na mmoja. Joëlle hakutaka. Anaclet akamtuliza, akasema mtu hang'olewi jino bila mwenzake wa kumshika mkono, na kwamba amechoka kunusa chumvi. Tukapatana kwamba tukisimamishwa, mimi ndiye nitakayesema: huyu ni shemeji yangu, ametoka Butembo kuja kuniuguza. Naye alijua salamu chache za kwetu, nilikuwa nimemfundisha baraza ikiwa tupu.

Unajua yaliyofuata, au unadhani unajua. Tulipokuwa tukirudi tulikuta barieri mpya, kizuizi cha vijana wa bunduki, karibu na daraja, wakamchukua Anaclet, na baada ya siku nne tukamzika. Niliwaambia wote kwamba nilijaribu kumtetea, lakini mdomo ulikuwa umejaa pamba na damu, nao hawakunielewa. Hakuna aliyeniuliza zaidi, kwa maana wote waliliona shavu. Mchungaji aliniombea mbele ya kanisa zima. Na Joëlle, Yaya, Joëlle aliyekuwa analia usiku na mchana, alinipikia uji siku tatu, akaupoza kwa kuukoroga, akaniletea kitandani, akaniambia nisijilaumu. Niliunywa.

Haikuwa hivyo. Léon alituweka kwake zaidi ya saa moja. Pamba aliitoa yeye mwenyewe, akatazama, akaridhika, akanifungia nyingine safi ndani ya karatasi, niiweke kama damu itarudi. Damu haikurudi. Njia nzima nilikuwa ninaongea. Anaclet alikuwa akiniigiza namna mdomo wangu ulivyokwenda upande. Tulipopinda kona, mimi ndiye niliyewaona kwanza, vijana watano na kamba iliyokatiza barabara. Mkono wangu ukaingia mfukoni. Niliifungua ile karatasi, nikaiweka pamba safi mdomoni, nikaing'ata. Anaclet aliona. Alidhani damu imerudi.

“Inauma tena?” aliniuliza.

Nikamwitikia kwa kichwa.

Mkubwa wao akamuuliza Anaclet anatoka wapi. Anaclet akajibu kama tulivyopatana. Basi kijana huyo akanigeukia mimi.

“Huyu ni mutu yako? Sema.”

Nikamwonyesha shavu. Akaniambia basi niitikie kwa kichwa tu, inatosha. Sikuitikia. Shingoni kwangu hakikung'olewa kitu, Yaya. Muda mfupi tu kabla ya hapo nilikuwa nimeitikia kwa kichwa kwa ajili ya uongo wangu. Niliangalia viatu vyake, viatu vya mvua vya kijani, nikawaza kwamba wakigundua tumewadanganya watatuchukua sote wawili. Ndivyo nilivyowaza, sikuwaza kingine. Anaclet hakuniomba kitu. Aliwaambia wao.

“Mumuache. Iko mugonjwa ya meno, hawezi sema.”

Wakampeleka nyuma ya nyumba isiyo na paa. Mimi nikaambiwa nipite, nami nikapita. Nilifika nyumbani ile pamba ingali mdomoni, nyeupe, haina hata tone la damu. Niliitupa chooni kabla Joëlle hajatoka chumbani.

Naona haya kuandika haya, na nimeona haya zaidi kwa miezi saba ya kutoyaandika. Pengine ningesema neno na bado wangemchukua. Sitajua. Ningeweza kuendelea hivi hadi kaburini, watu wakinihurumia. Lakini kusikia kwamba mama yule atamwita mwanawe Néhémie asubuhi anapomwamsha, na jioni anapomwogesha, na siku moja amweleze aliitwa hivyo kwa ajili ya nani, hilo siliwezi.

Umeandika kwamba ubatizo ni tarehe ishirini na nane. Assani anaondoka kesho, barua itakuwahi. Zuia jina hilo. Umsomee Joëlle haya yote, usipunguze kwa kunionea huruma, wala Athanase asikushauri mngoje mtoto akue. Akitaka kuniandikia, chochote atakachoandika nitakisoma. Asipotaka, nimestahili. Mtoto ana baba, na baba yake alikuwa na jina.

Msalimu shemeji Athanase, wasalimu watoto mmoja mmoja, na wazee wa jumuiya yenu wote. Mungu auongoze mkono wa muganga wako.

Joëlle usimpe salamu zangu. Mpe barua.

Mdogo wako,
Néhémie