Lami Chini ya Gari la Baba

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, hasa huyo mdogo ambaye siku hizi anapokea simu kama karani wa hoteli. Mimi ni mzima, isipokuwa kifua kinachouma nikicheka, na kwa kuwa sicheki sana, hakinisumbui. Baba anakula vizuri na kugombana na redio kama kawaida.

Uliniuliza kwenye simu gari limefikia wapi, nikakujibu kwa mkato kwa sababu baba alikuwa kando yangu. Unalikumbuka mwenyewe, lile la bluu alilonunua kabla hatujazaliwa, ambalo marehemu mama alikuwa akiliita mke mwenza. Nilipokuja kumuuguza baada ya kile kiharusi, tulikubaliana nikae mpaka apate nafuu. Nafuu ikaja, ila mguu wa kushoto ukakataa. Ndipo akasema gari litakuwa miguu yake: nilitengeneze, fundi bodi anielekeze, yeye atafute dereva, na siku litakapotoka getini nami niende zangu.

Nikadhani ni kazi ya injini. Kumbe injini haina neno. Fundi aliingia chini na tochi, akatoka akitikisa kichwa. Sakafu inaliwa na kutu, akasema, na huwezi kuchomelea bati jipya mpaka uondoe ile lami nyeusi iliyopakwa chini kuzuia maji na mawe. Baba alikuwa akipaka nyingine kila mwaka juu ya ya zamani, sasa imekuwa nene kama soli ya kiatu. Nalala chali kwenye kipande cha boksi, naipulizia hewa ya moto kwa mashine mpaka ilegee, kisha naikwangua na bapa la chuma. Moto ukizidi, inatoa moshi unaokaba koo. Ukipungua, inang'ang'ania bati kama kupe. Inaniangukia usoni na kichwani. Nimenyoa nywele zote, kaka, usije ukashtuka.

Kila ninapokwangua nakuta tundu jipya, na kila tundu jipya fundi anaongeza muda. Baba, kwenye kiti chake cha magurudumu pale kwenye mlango wa nyuma, huniambia kwa sauti ya mtu aliyeshiba, "Taratibu mwanangu, hatukimbizwi." Mimi nakimbizwa. Msimamizi wangu kiwandani alinipigia kusema hii ni mara ya mwisho: nirudi Jumatatu au cherehani yangu apewe mwingine. Nikienda dukani, baba ananipigia simu kuuliza kama nimepotea. Duka liko ng'ambo ya barabara, ananiona nikiwa nimesimama pale.

Basi Alhamisi, nikiwa chini ya gari, gogo moja lililoshikilia ubavu lilipasuka. Gari likashuka. Halikuniua, kwa kuwa jeki ya upande wa pili ilibaki, lakini bodi ilinikandamiza kifuani nikashindwa kupiga kelele. Pumzi ilikuwa inaingia kidogo kidogo, kama ya kuazima. Nikamsikia baba akiniita, halafu akaita tena. Halafu kiti cha magurudumu kikalia.

Kaka, kutoka pale chini niliona kandambili zake. Zote mbili. Zilikuja hatua kwa hatua, mguu wa kushoto ukiburuzika kidogo lakini ukikanyaga, zikalizunguka gari mpaka kwenye jeki. Nikasikia mpini ukizungushwa na mtu akihema. Gari likainuka, nikajivuta kwa viwiko mpaka nje. Nilipomaliza kujifuta macho, baba alikuwa kwenye kiti chake, amegeukia ukutani, mabega yanapanda na kushuka. Mikono yake imejaa grisi.

Akaniambia, bila kunitazama, kwamba jirani alikuwa anapita, akanisaidia, akaenda zake.

Hili ndilo sijamwambia mtu. Nilimwambia, "Mungu ambariki huyo jirani." Kisha nikamsukuma ndani, nikachukua kitambaa na mafuta ya taa, nikamsafisha grisi kidole kwa kidole. Machozi yalimtoka, akasema ni harufu ya mafuta.

Jana nilijikaza nikamwambia Jumatatu naondoka. Akauliza ni nani atakayemsukuma. Nikamwambia, "Yule jirani." Akachezea shuka alilojifunika miguuni. Kisha akasema polepole, "Huyo jirani naye anaogopa nyumba tupu, mwanangu."

Mkoba wangu uko tayari chini ya kitanda, na leo tangu asubuhi nimeshinda chini ya gari nikikwangua, kwa sababu huko ndiko pekee asikoweza kuniona uso. Sijui Jumatatu itanikuta wapi. Sikuombi ushauri, wala usimgombeze kwenye simu. Nakuomba uje. Ukifika getini piga hodi, usisukume, na hata akikuambia ingia, wewe subiri. Mwache aje akufungulie mwenyewe.

Msalimie wifi, wabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao mwenye kipara. Baba anakusalimu pia. Hajui nakuandikia, lakini husalimia kila siku.

Ni mimi mdogo wako,
Sisimizi