Jina la Emilia kwenye Kalenda

Jumatatu, 7 Novemba 1994
Kikao cha wazee wa kanisa, Ihumwa. Jubilei ya mwakani – kalenda, kadi, bahasha za sadaka, bango la mlangoni. Tuchape wapi? Mchungaji anamtaka Hashimu, yule wa mjini mwenye kompyuta. Nikasema Mzee Charles ametuchapia tangu kanisa likiwa la udongo. Wakaniachia mimi katibu nichague, mwisho Ijumaa. Mama Tabu hakuniangalia.

Najua kwa nini. Ndiye mwenyekiti wa akina mama, lakini kalenda bado inasema mwenyekiti ni Emilia. Mke wangu. Tulimzika Machi mwaka juzi.

Jumanne, 8 Novemba
Kwa Hashimu. Muungwana, kanipa soda. Kazi yake safi, rangi nzuri, siku tatu tu umeme ukiwepo. Akaanza kuandika majina kutoka kalenda ya zamani, nione mfano. Nikasema hilo la mwenyekiti limebadilika. Akalifuta. Kidole kimoja! Hapakubaki hata alama. Nikaaga bila kumpa kazi, soda nimeiacha nusu. Mtu mzima mimi.

Jumatano, 9 Novemba
Niseme ukweli, hapa hasomi mtu. Mzee Charles huchapa kwa herufi za risasi, anazipanga moja moja kwa mkono, na akishachapa hazitawanyi. Anaufunga ukurasa wote wa risasi kwa kamba, anauweka rafuni, mwaka ukifika anabadilisha tarehe tu. Mara ya kwanza alisahau yeye kuliondoa jina la Emilia. Mara ya pili aliniletea prufu, karatasi ya kuhakiki kabla ya kuchapa. Nililiona jina. Nikasaini.

Mwezi wa tano akina mama wa Hombolo walimwandikia Emilia barua, wanamwalika semina. Jina waliliona kwenye kalenda yetu. Nikawajibu kwamba mama ana udhuru. Tangu hapo namwona kama aliyesafiri. Mlango ukigongwa nashtuka. Naogopa, na ninafurahi.

Alhamisi, 10 Novemba
Mama Tabu kapita. Hakukaa.
"Shemeji, yule alikuwa rafiki yangu, nilimwosha kwa mikono hii. Lakini mimi nipo hai."


Ijumaa, 11 Novemba
Nimekuja kumuaga Mzee Charles. Shikamoo, marahaba. Nikamwambia mwaka huu tunachapa kwa Hashimu. Hakukasirika. Kashusha ukurasa wetu, kafungua kamba. Anazihitaji herufi, ana kadi za harusi ya watu wa Mlali. Akaanza kuzirudisha moja moja kwenye vijumba vya sanduku lake – mchungaji, wazee, kwaya. Haraka, vidole vyeusi. Alipofika kwa akina mama, kwenye jina la Emilia, akasimama.
"Na hili nilitawanye, katibu?"

Nikasema anywe chai kwanza. Nimekaa kwenye benchi lake, naandika hapa gotini. Saa kumi na nusu. Hashimu anafunga kumi na moja.

Chai ameshamaliza. Ananitazama.