Mzee wa Mawenzi Hataki Urafiki Wangu

Mpendwa mshauri wetu Bi. Mwantumu,

Naomba msaada wako, na naomba usinicheke, maana wa kunicheka ninao wa kutosha nyumbani na kazini. Mimi ni fundi baiskeli hapa Moshi mjini, karibu na stesheni ya reli, nina mke na watoto, swala tano sizikosi, pombe sinywi, ugonjwa wangu ni mmoja tu, nao ni Mzee Leodegar wa Uru.

Huyu mzee, kama hujamsikia, ndiye aliyepanda majabali ya kilele cha Mawenzi mwaka ule Mzungu mmoja alipovunjika mguu huko juu, watu wote wakasema yule hateremshiki, tumwachie Mungu, yeye akapanda ukuta wa mawe ambao hata kunguru anaukwepa, akamfunga yule bwana mgongoni kwa kamba akamteremsha yu hai. Nilisimuliwa na Yoramu, mpagazi wa safari za mlimani, siku aliponiletea baiskeli yenye pancha, na tangu siku hiyo nikiziba pancha naona Mawenzi, nikila naona Mawenzi, mpaka mke wangu Amne akasema, "Ungenifuata mimi hivi kabla ya ndoa, ningekubali mapema."

Basi siku moja sokoni Kiboriloni Yoramu akanionyesha kwa kidole, yule pale, mzee mfupi mwenye koti la kahawia, ananunua tumbaku. Nikamwendea, nikasema, "Shikamoo mzee, ni wewe yule wa Mawenzi?" Akaniangalia toka kofia mpaka viatu, akasema, "Marahaba. Mimi ni yule wa tumbaku," akaenda zake.

Mtu mwingine angeishia hapo, lakini mimi nikaona amenitania, na mtu hamtanii asiyempenda, kwa hiyo Jumapili iliyofuata nikasukuma baiskeli mlima wote ule mpaka Uru, nikiwa na zawadi ya kengele ya baiskeli, mpya, inayong'aa, kwa kuwa sikuwa na kitu kizuri kuliko hicho. Akaipokea, akashukuru. Jumapili ya pili nikaikuta shingoni mwa ng'ombe, na ng'ombe wao hatoki nje, anakatiwa majani bandani humo humo. Mkewe, Mama Dominika, akaniambia, "Sasa akigeuka tunajua."

Sikukata tamaa. Nikaenda tena nikasema nilikuwa napita tu, mzee akauliza, "Unapita kwenda wapi? Juu yangu kuna msitu na mawingu." Nikaenda tena na tena, wala hakunifukuza, alinipa kigoda, akanipa ndizi za kuchoma, na kwa kuwa sinywi mbege, ile pombe yao ya ndizi, Mama Dominika akanitengea maziwa, yeye mzee anapogoa mibuni yake na mimi namfuata mti kwa mti namwuliza, ulishika jiwe gani kwanza, ulikuwa peku au na viatu, Mzungu alilia, lile jiwe la juu kabisa ulilipitaje, naye ananijibu habari za kahawa. Siku moja tu ndiyo aliniuliza yeye, akaitazama baiskeli yangu akasema, "Hicho chombo, mtu mzima anaweza kujifunza bila kuanguka?" Nikamwambia, "Mzee, wewe wa Mawenzi unaogopa baiskeli? Hebu nieleze lile jiwe la juu." Akainamia mibuni yake.

Nikafikiri, nikaona sababu ni moja, ananiona mimi mtu wa barabarani, sipandi, kwa hiyo hatuna la kuzungumza. Chini ya kihamba chake, yaani shamba lake la nyumbani, kule mtoni, kuna genge la mawe ambalo wanawake hukata majani chini yake. Jumapili moja nikafika mapema nikalipanda na raba zangu mpya ili mzee akija aniambie, kumbe na wewe umo. Nikafika katikati, Bi. Mwantumu, na hapo katikati nikabaki. Juu siendi, chini sirudi, miguu inacheza kama cherehani. Wanawake wakaita watu, Mama Dominika akaja akicheka mpaka akakaa chini, mzee akaja hacheki.

"Usitazame chini," akasema. "Mguu wa kushoto, shusha."

"Nimeshusha."

"Huo ni wa kulia."

Mwisho akapanda mwenyewe, akawa chini yangu, akashika kisigino changu akakiweka kwenye ufa, kimoja, halafu cha pili, kama mtu anayemvisha mtoto viatu, mpaka nikakanyaga ardhi. Nami kwa furaha ile, na woga ule, badala ya kushukuru nikasema, "Mzee, sasa nimeanza! Nifundishe, niwe mwenzako wa kamba!"

Uso wake ukageuka. Akasema polepole, "Usije tena hapa kumtafuta mtu wa Mawenzi. Hayupo." Akapanda kwenda kwake wala hakugeuka nyuma.

Mama Dominika ndiye aliyenisindikiza hadi njiani, na safari hii alikuwa hacheki. Akaniambia siku ile walipanda wawili. Mwenzake alikuwa Anaeli wa Mwika, rafiki yake wa ujanani. Kamba ilipokuwa fupi kwa kumfunga Mzungu, Anaeli akafungua yake akaitoa, na wakati wa kushuka akateleza. Watu wakamsifu aliyerudi. "Kila ukimwuliza lile jiwe la juu," akasema, "unamwuliza pale aliposimama Anaeli."

Sijaenda tena toka siku hiyo. Nikae mbali kabisa? Nimtume Yoramu aniombee radhi? Nipeleke zawadi kubwa zaidi? Amne anasema nimwache mzee wa watu apumzike. Lakini, Bi. Mwantumu, zamani nilimpenda kwa ajili ya lile jabali, na sasa nampenda hivi hivi, na sijui nifanyeje.

Ni mimi,
Mpenda Mlima, Moshi

*

Mpenda Mlima,

Jina lako umelificha vizuri mno. Fundi baiskeli anayesukuma baiskeli mpaka Uru kila Jumapili Moshi hii ni wewe peke yako. Msalimie Amne, mwambie niko upande wake.

Uliniomba nisicheke. Nisamehe, nimecheka. Nilicheka kwenye kengele, nikacheka kwenye kupita kwenda mawinguni, na pale genge lilipokushika nilimwita jirani nikamsomea. Halafu nikafika kwa Anaeli, nikaiweka barua mezani nikakaa kimya. Wewe ulipofika kwa Anaeli ulikaa kimya? Nadhani ulikaa, na ndiyo sababu nakujibu.

Kwanza pole. Hukujua, na asiyejua hapigwi. Lakini kugombezwa utagombezwa. Mwanamume mzima, baba wa watoto, umeketi kwenye kigoda cha mtu, umekula ndizi zake, umekunywa maziwa ya ng'ombe wake mwenye kengele, halafu unaniandikia kwamba hataki urafiki wako! Ulidhani urafiki unakujaje, na tarumbeta? Mchagga akutengee maziwa kila Jumapili kwa sababu hunywi mbege, na wewe unangoja nini tena?

Na katika muda wote huo mzee alikuuliza swali moja. Moja tu. Nawe ukalirukia kama dimbwi. Soma tena barua yako mwenyewe, mimi nimeisoma mara tatu. Mtu aliyemwona rafiki yake akianguka anakuuliza kama anaweza kujifunza jambo bila kuanguka, na wewe unamcheka kuwa anaogopa. Swali kama hilo haliulizwi kwa mpita njia, baba. Aliuliza kwa sababu alikuona fundi, na alikuwa tayari yeye awe mwanafunzi wako. Wewe ukamrudisha Mawenzi kwa nguvu, wakati yeye anajaribu kushuka.

Lile la "mwenzako wa kamba" sitalisema sana, naona limekuuma. Nafasi ya marehemu haiombwi. Basi.

Sasa sikiliza, na fanya ninavyokuambia. Yoramu mwachie mizigo yake, radhi si ya kupagaza mtu. Mdomo uliokosea ndio uende. Zawadi usipeleke, ya kwanza imemsumbua ng'ombe vya kutosha. Ukifika, amkia, halafu sema, "Mzee, pole kwa Anaeli. Sikujua." Maneno hayo tu. Usiongeze lako la tatu, nakujua. Akikaa kimya, nawe kaa kimya. Akienda kwenye mibuni, nenda naye ukaokote matawi. Akikueleza habari za kahawa, uliza habari za kahawa, huenda ukajifunza kitu. Habari za lile jiwe ataleta mwenyewe au hataleta. Na asipoleta mpaka mwisho wa maisha yake, utakuwa umekula naye ndizi miaka mingi, nani kapata hasara?

Baiskeli nenda nayo. Itafutieni mahali tambarare, mbali na macho ya watu. Mshikie tandiko, usimwachie mpaka akuambie. Akianguka, usimsimulie mtu yeyote mjini, hata mimi, ingawa nitaumia.

Na raba zile mpe mwanao. Kwenye mawe usirudi. Una mke.

Mwisho, kuna jambo ambalo sikupaswa kulisema, lakini kazi yangu ni kusema. Baada ya barua yako nilikwenda Kiboriloni kununua ndizi, nikakaa makusudi karibu na fungu la Mama Dominika, maana naye huuza ndizi pale. Jina lako sikulitaja. Nilimwuliza tu, mzee hajambo? Akaguna. Akasema, "Hajambo, ila sasa ana tabia mpya. Jumapili akitoka kanisani anakaa kando ya njia, pale inapopandia kutoka mjini, mpaka jioni. Nikimwuliza anamngoja nani, ananiambia anaota jua."

Mpenda Mlima, tuko mwezi wa sita. Wewe uliyekwenda Uru mara zote hizo, niambie, mwezi wa sita huko kuna jua gani?

Mzee hasomi gazeti hili, anasema herufi zake ni ndogo. Lakini Uru wapo wanaosoma, na umbeya hupanda mlima upesi kuliko wewe. Jumapili hii, wahi.

Bi. Mwantumu