Jina Lako Katika Ghala la Matinyani

Rafiki yangu Musyoka,

Mashine yako ingali inanguruma katika chumba cha nyuma ya duka hapa Matinyani, na feni yake ingali inapiga ile kelele uliyokataa kuirekebisha. "Ikinyamaza ndipo uogope," ulikuwa ukisema. Haijanyamaza.

Unakumbuka nilivyokudhihaki ulipoinunua? Tulikuwa walimu wawili wastaafu, wewe wa hesabu, mimi wa Kiswahili, nikakuuliza kwa nini usihifadhi programu zako kwa makampuni ya ng'ambo kama watu wengine. "Siku wakizifuta bila kuniuliza, nitabisha mlango wa nani?" Kisha ukanieleza polepole, kana kwamba mimi ni mwanafunzi wa kidato cha kwanza: programu hufungwa pamoja na kila inachohitaji, ikawa taswira moja kamili, taswira huwekwa katika ghala letu wenyewe humu ndani ya mashine, na kila zahanati huichukua kwa kulitaja jina la taswira hiyo. Nilipokusahihisha sarufi katikati ya maelezo ulicheka hadi ukakohoa. "Mwalimu, mashine haina ngeli!" Hakuna tena anayenicheka hivyo.

Taswira yako ya mwisho, ile ya kumbukumbu za chanjo za watoto, uliipa jina lako mwenyewe. Hukupata nafasi ya kutengeneza nyingine.

Binti yako Mwende ndiye aliyeendelea na kazi. Alitengeneza taswira mpya, na alipofika mahali pa kuipa jina, alifanya kama sisi Wakamba tufanyavyo mtoto anapozaliwa: aliipa jina la baba yake. Hata mimi nilimpongeza. Kwetu babu na mjukuu huitwa jina moja, wala hakuna anayempunguzia mwenzake chochote. Ghala halijui hayo. Humo jina lina mwenyewe mmoja tu. Taswira mpya ilipolichukua, yako ilibaki bila jina, na Jumapili ule ufagio wa kompyuta ulioutega wewe mwenyewe, wa kufuta taswira zisizo na jina, ukaizoa.

Tuligundua hayo programu mpya ilipoanza kuonyesha tarehe za chanjo zisizo sahihi katika zahanati ya Mbumbuni. Muuguzi alikuwa na akina mama foleni nzima, hajui mtoto yupi amechanjwa. Tukataka kuirudisha ya zamani. Mwende akatazama, akatazama tena.

"Aii, Mwalimu. Nimemfuta Baba."

Mimi niliyewakemea wanafunzi maisha yangu yote sikumkemea. Nilimvutia kiti.

Kilichotuokoa ni mtandao mbovu wa Makindu. Zahanati ya huko ilikuwa imeshindwa kuichukua taswira mpya, ikawa bado inatumia yako. Nilimpigia simu mhudumu. "Usiizime hiyo kompyuta, usiiguse, hata mwenyekiti wa kamati akikuomba." Maskini akaniuliza kama polisi wanakuja. Mwende alikwenda mwenyewe, akainakili, akarudi ameishika ile flashi mkononi njia nzima kama yai. Tuliirudisha ghalani, na Mbumbuni wakaichukua kabla ya jioni. Muuguzi alipiga simu kusema watoto wote wanaonekana. Hapo ndipo Mwende alipolia, nami nikatoka nje kidogo.

Sasa ghala limefungwa: jina likishatumika halikubaliwi tena. Taswira zote, hata yako, hupewa nambari, na kila nambari mpya huletwa kwangu niikague kabla haijaingia. Nakuahidi nitaifanya kazi hiyo maadamu macho yangu yanaona.

Jina lako nimeikatalia mashine kabisa. Mwende ni mjamzito tena. Mvulana wake wa kwanza alichukua jina la babu wa upande wa mumewe, kama ilivyo desturi, kwa hiyo huyu akiwa mvulana, zamu ni yako. Ataitwa Musyoka nyumba nzima ikisikia, na hakuna atakayefutwa.

Kwaheri, mwalimu mwenzangu. Ghala lako tunalo.