Sauti ya Nne

Robinvale, 4 Januari 1994

Dada Kalolaine,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na kuku wako. Sisi huku ugenini hatujambo, ila joto linatukaanga.

Barua yako ya Krismasi imefika, pamoja na yale maneno yako: kwamba nimezaa Watonga wanne, damu ya visiwani, wasioijua chumvi ya bahari, utadhani wana-kondoo. Imeniuma. Lakini umesema kweli, kwa hiyo tarehe 29, kabla zabibu hazijaanza kuvunwa, nawapeleka pwani ya kusini. Kilomita 480, saa sita na nusu, tunasimama mara mbili. Tutalala huko, Jumapili tusali, Jumatatu turudi. Ni safari yetu ya kwanza sote sita. Mke wangu Tupou amekwisha kufunga magodoro, siku ishirini na tano kabla!

Najua utauliza nitawachungaje. Dada, mimi kila asubuhi naingiza wachumaji arobaini shambani na jioni nawatoa arobaini. Mwaka wa kumi na moja sasa, sijapoteza hata mmoja. Watoto nao nimewafundisha. Nikisema "Hesabu!" Latu anaitikia moja, Inoke mbili, Feleti tatu, Lose nne. Gari haliondoki mpaka nisikie sauti nne.

Mtu aliyewahi kuachwa hamwachi mwenzake. Hilo silisemi zaidi. Baba aliridhika na hesabu yake akapandisha tanga, na mimi nikabaki kisiwa cha Uiha siku mbili kwa watu nisiowajua, nina miaka sita. Mpaka anakufa hakuniambia samahani.

Mdogo wako,
Semisi


Pangai, 17 Januari 1994

Mdogo wangu Semisi,

Marahaba. Sisi wazima. Kuku wamebaki watatu, na mmoja wao ana roho kama yako, ananuna kuanzia alfajiri.

Uiha tena! Kila barua yako lazima ipitie Uiha, kama boti ya mizigo. Baba yuko kaburini mwaka wa nane, mwache apumzike.

Nimefurahi mnakwenda. Latu asisomee kitabu garini, atatapika. Na Lose umshike mkono wewe mwenyewe. Jina la mama yetu nilimpa mimi, siku ya tatu tangu azaliwe, na kwetu unajua shangazi akimpa mtoto jina amempa na jicho lake. Mkirudi tu, kabla hujavua viatu, niandikie.

Dada yako,
Kalolaine


Pangai, 24 Februari 1994

Semisi,

Salamu ndefu leo sina.

Nilikuwa sokoni, viazi vikuu viwili kwapani, nikasikia nyuma yangu: "Si yule ndiye shangazi wa mtoto aliyeachwa jangwani?" Nikageuka. Alikuwa Mama Fusi, habari ameletewa na mpwa wake wa Mildura, huko kwenu. Anajua muuza samaki, anajua mke wa mchungaji, mimi sijui! Wiki nne, Semisi! Mkono umekuoza?

Nasikia miguu ya mtoto imeungua. Nasikia hamkufika hata baharini.

Sikuwahi kukuomba mtoto, ingawa haki ninayo. Sasa sikuombi, nakwambia: mlete Lose. Mama Fusi anakuja huko kumwona bintiye na anarudi tarehe 31 Machi. Arudi naye. Hapa kuna bibi watatu, kuna bahari, na hakuna anayemhesabu kama debe la zabibu.

Dada yako,
Kalolaine


Robinvale, 8 Machi 1994

Dada,

Shikamoo. Tupou hali chakula sawasawa tangu siku ile, wengine afya tunayo.

Sikuandika kwa sababu kila nilipoanza niliishia kwenye tarehe. Leo nitaandika mpaka mwisho.

Tulisimama kwenye kituo cha mafuta kule kwenye mashamba ya ngano. Saa tano na dakika kumi, joto digrii 41 kivulini. Watoto wakaenda msalani, wakanywa maji, wakapanda. Inoke na Lose walikaa kiti cha nyuma kabisa, katikati ya magodoro. Nikakamata usukani nikasema, "Hesabu!" Moja. Mbili. Tatu. Nne. Nikaondoka.

Nilizisikia sauti nne, dada. Hata Mungu akiniuliza nitamjibu hivyo.

Kilomita 52 mbele Tupou akapitisha ndizi nyuma. "Hii ya Lose."

Inoke akasema, "Kalala."

"Mwamshe, ale."

"Mama, kalala kabisa."

"We Inoke, nimesema mwamshe!"

Nikasikia mkeka wa kujifunikia unafunuliwa, na mtoto wa kiume akalia kwa sauti ambayo sijapata kuisikia. Chini ya mkeka palikuwa na mto.

Lose alikuwa ameteremka tena kufuata kandambili yake. Na Inoke, dada, alikuwa akimwitikia tangu tulipotoka nyumbani. Mdogo wake huwa anasinzia wakati wa kuhesabu, mimi namfokea, naye hataki afokewe. Kwa hiyo anasema "mbili" kwa sauti yake, anamngoja Feleti aseme "tatu", halafu anabana pua anasema "nne". Alidhani anamfichia usingizi.

Zile kilomita 52 za kurudi nilizimaliza kwa dakika 24. Tupou hakulia. Alishika mlango kama mtu anayetaka kuruka. Mimi nilikuwa nikipiga hesabu, ndiyo akili niliyo nayo: mtoto wa kilo 14, jua lile, bila maji, dakika ngapi. Jibu nililipata, nikaongeza mwendo.

Lose alikuwa amelifuata gari kwa miguu mitupu juu ya lami. Mzee mmoja mkulima wa ngano alimwona akiwa hatua mia tatu kutoka kituoni, akambeba akamrudisha kivulini. Tulimkuta ameketi, miguu ndani ya ndoo ya maji, kandambili moja mkononi. Aliponiona hakuniita baba. Alisema, "Nne!"

Yule mzee aliniangalia tu. Afadhali angenipiga.

Tulirudi nyumbani. Malengelenge yamepona siku ya kumi na sita, makovu mawili yamebaki mguu wa kulia. Mwenye kuumwa sasa ni Inoke. Nikimwita haitiki. Mwalimu akisoma majina ya darasa ananyamaza, wamemwandika hayupo siku tisa na yuko mbele yao.

Kuhusu agizo lako. Neno la shangazi nalijua, halina rufani. Lakini niruhusu niseme mara moja kisha ninyamaze: nina miaka thelathini na tano, shamba nimeliingia nikiwa na shati moja, na bado kwenu mimi ni yule wa kuachwa gatini na kuamriwa. Ungeandika "pole" kabla ya "mlete".

Pasi ya Lose iko tayari. Tarehe 31 atasafiri na Mama Fusi. Inoke ameuliza kama anapelekwa kwa sababu yake.

Mdogo wako,
Semisi


Pangai, 21 Machi 1994

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole. Nimeianza nalo hilo neno kwa kuwa linakustahili, na deni langu la pole kwako ni la zamani kuliko unavyojua.

Barua yako imefika jana. Nampa hii mtoto wa mchungaji anayepanda ndege leo mchana kuja huko, aitie posta hukohuko. Naomba Mungu ikufikie kabla ya tarehe 31. Usimpeleke Lose. Soma uone sababu.

Siku ile Uiha, baada ya sikukuu ya kanisa, baba alisimama gatini, ametugeuzia mgongo, anafunga kamba. Akasema tuhesabu. Tulikuwa saba, wewe wa sita. Nilikuwa nimekuona umejipenyeza nyuma ya makapu ya ndizi, nikajua unaiba, na baba akikukamata utachapwa mbele ya wenyeji. Mimi nilisema "tatu" yangu. Ilipofika zamu yako nikasema "sita". Nilidhani makapu yale yanapakiwa na wewe utapanda nayo. Hayakuwa yetu.

Tulipofika Pangai ukawa hupo. Baba akageuza boti palepale, bahari ikamkatalia. Alijaribu mara tatu kwa siku mbili, tanga likachanika. Hayo hukuyaona, na mimi sikukwambia, maana ningeanza hapo ingebidi nimalize.

Alikuwa akirudia, "Nilisikia saba. Nilisikia saba." Mama akamwambia, "Mwanamume hujui hata kuhesabu wanao!" Naye akakubali. Baba yetu amekufa akiamini hajui kuhesabu, Semisi, na mimi niliketi kitandani pake na ulimi wangu mzima kinywani. Nilikuwa na miaka kumi, kisha ishirini, kisha thelathini na moja. Haikupatikana siku.

Kwa hiyo ninayekuamuru leo ndiye niliyekuacha. Nikasirikie mimi, baba umwachie.

Agizo langu la shangazi ni hili, nalo pia halina rufani: Lose abaki na kaka yake. Barua hii msomee Inoke yote, hata pa aibu. Na kuanzia leo usihesabu kwa sikio. Wewe ndiye baba yao, vichwa vyao ni halali kwa mkono wako. Shuka garini, fungua mlango wa nyuma, gusa.

Kalolaine,
aliyeitikia mara mbili


Robinvale, 16 Aprili 1994

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima, na Tupou anakula.

Barua yako ilifika tarehe 29 jioni. Begi la Lose lilikuwa mlangoni, kilo tisa, Latu amekwisha kuandika jina juu yake. Niliisoma nimesimama. Nikaisoma tena nikiwa nimekaa. Niliichukia siku kumi na moja, sitakuficha, na bado kuna saa inanirudia. Miaka ishirini na tisa nimemdai marehemu asichodaiwa. Hapo sijui nitafanya nini, huenda nikija nitakwenda kaburini kwanza, ndipo nije kwako.

Nilimsomea Inoke yote.

Jumamosi iliyopita tulikwenda tena. Tulisimama mara nne, na kila mara nilishuka, nikafungua mlango wa nyuma, nikagusa. Kichwa cha tatu kilikuwa na jamu. Saa tisa tukaiona bahari. Lose aliingia na kandambili zake zote mbili, akalamba mkono, akatema. Latu alitapika, ulisema.

Jioni tulipokuwa tunaondoka ufukweni nikafungua mlango, nikaweka mkono juu ya Inoke. Akanitazama, mchanga hadi kwenye nyusi, akasema "mbili". Ni neno la kwanza aliloitikia tangu Januari. Halafu akauliza jambo, nami nimemwahidi nitakuandikia usiku huohuo, ila nimechelewa siku saba:

"Baba, shangazi alipokuitikia, alibana pua?"

Mdogo wako, wa sita,
Semisi