Lita Mbili za Nelson

Elerai, Arusha
3 Agosti 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umekuachia kidogo, na ng'ombe ameacha kukupiga mateke asubuhi. Mimi ni mzima na kazi zipo. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunisikii tena; juzi nilipiga kelele hadi wapangaji wenzangu wakatoka kuangalia nani anapigwa. Barua hii naituma na lile gari la maziwa, pamoja na dumu tupu.

Baba, kuna mtu. Anaitwa Nelson, fundi wa kuchomelea hapa karakana ninakopaka rangi mageti. Anataka kuja Poli mwezi wa Desemba na wazee wake, waongee na wewe. Nimempenda kwa jambo la ajabu: ni mwoga. Kabla hajachomeka mashine kwenye umeme anaupitia waya wote kwa vidole, akikuta umechubuka haiwashi. Makopo yangu ya rangi anayasogeza mbali na cheche hata kama nimeshachanganya, tunagombana kila siku. Bomba la mabati analikwangua kwanza zinki ya juu, anasema moshi wake ni sumu, anafungua milango, halafu anavaa barakoa kubwa yenye vichujio pande mbili. Kwa pua hiyo ya barakoa wenzake wanamwita Nguruwe. Yeye anasema anataka kuzeeka na mimi, waache waseme.

Maziwa nimeyapata, asante.

Mwanao,
Tabea


Poli, Meru
10 Agosti 2024

Mwanangu Tabea, mama yangu,

Pokea salamu zangu nyingi. Mgongo haujaachia, na ng'ombe naye hajaacha.

Kumbe kuna mtu, tena fundi! Nimecheka peke yangu jikoni. Miaka ishirini na mbili nimechomelea kwenye lile shamba kubwa la kahawa, na sikuwahi kuziba pua. Jioni kila fundi alipewa nusu lita ya maziwa, yakasafisha moshi wote kifuani, basi. Masikio ndiyo niliyoyaacha kwenye kelele za grainda, ile mashine ya kusaga chuma. Kifua kiko hapa, kizima. Mwambie huyo Nguruwe wako kwamba binti yangu hachukuliwi na mtu anayeogopa moshi.

Kuanzia leo nimeongeza lita mbili kwenye dumu. Hizo ni zake. Akija Desemba nitamtazama usoni, nitajua kama alikunywa.

Baba yako,
Naftali


Elerai, Arusha
14 Septemba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hapa hatujambo, isipokuwa jambo moja nataka kukuuliza.

Nelson alicheka sana aliposoma barua yako, na maziwa anakunywa kila jioni. Lakini barakoa sasa inaning'inia tu ukutani. Nikigomba ananiambia, "Baba mkwe katoa amri, mimi nani?" Alhamisi alichomelea mabomba ya mabati ndani ya stoo huko Njiro. Mwenye nyumba alitaka mlango ufungwe, eti mwanga unawasumbua wageni wake. Jioni Nelson akatetemeka kama mwenye malaria. Tukapima, malaria hakuna. Akanywa maziwa, asubuhi akaamka mzima na kuanza kunitania.

Baba, hiyo ni kawaida? Niambie kweli, naogopa.

Mwanao,
Tabea


Poli, Meru
21 Septemba 2024

Mwanangu Tabea,

Amani iwe nawe. Mimi sijambo, migomba imekubali mwaka huu.

Ni kawaida kabisa. Sisi tulikuwa tukitetemeka kila Jumatatu, Jumanne tuko kazini. Akitetemeka tena, mpe vikombe viwili badala ya kimoja, alale. Usimkimbize hospitali kwa kila homa, utamfanya achekwe na wenzake.

Nimeshamtenga beberu wa Desemba. Mwambie huyo kijana simchukii hata kidogo, namtania tu.

Baba yako,
Naftali


Elerai, Arusha
9 Novemba 2024

Baba,

Shikamoo.

Nelson amefariki. Tulimzika tarehe ishirini na sita Oktoba, kwao Machame. Sikukuita. Nisingeweza kukuona pale.

Alirudi kwenye stoo ile ile ya Njiro kumalizia kazi. Safari hii mabomba yalikuwa chakavu, yamepakwa rangi ya zamani ambayo hakuna aliyeijua, na mlango ulifungwa tena. Jioni akatetemeka. Nikampa vikombe viwili kama ulivyoandika. Kesho yake akaanza kukohoa, nikampa vingine. Alitaka twende hospitali, baba. Mimi ndiye niliyemwambia tusubiri, baba amesema ni kawaida. Siku ya tatu alikuwa anashindwa kulimaliza jina langu.

Daktari alisema mapafu yameungua na kujaa maji, na kwamba tungekwenda mapema huenda angepona. Nikamwambia lakini alikunywa maziwa. Hakunicheka. Alisema, "Dada, maziwa yanakwenda tumboni. Moshi unakwenda kwenye mapafu." Jambo dogo kiasi hicho, na hatukulijua, si wewe si mimi. Nelson alikuwa analijua.

Usilete maziwa tena.

Tabea


Poli, Meru
30 Novemba 2024

Mwanangu Tabea, mama yangu,

Leo sikuulizi hali. Wiki tatu naandika na kuchana.

Ulipomwambia "baba amesema" ulisema kweli. Ni mimi niliyesema. Mzigo huo ni wangu, nakuomba uutue.

Kuna mtu sijawahi kukutajia. Melkizedeki, tulichomelea naye shambani. Mimi nje kwenye matrela, yeye ndani ya matangi. Alianza kukohoa, akakonda, akafa kabla hujaanza shule. Nusu lita yake alikuwa hainywi, alikuwa akiwapelekea wanawe watatu nyumbani. Sote tukasema hicho ndicho kilichomuua. Mimi nilisema kwa sauti, msibani, mbele ya mjane wake Hedwiga: angekunywa mwenyewe, angekuwa hai.

Juzi Alhamisi nilikwenda kwa Hedwiga nikamweleza maneno ya daktari wako. Kwa kuwa simsikii, alichukua bahasha ya sadaka akaniandikia nyuma yake: "Wanangu walipokua walikataa kunywa maziwa, mpaka leo. Kwa hiyo hakufa kwa sababu yao?" Nikasema hapana. Akamwita Agnela, mtoto wake wa kwanza, mwanamke mtu mzima sasa, akaniashiria nirudie. Nikarudia. Agnela alikaa chini pale pale mlangoni akalia, na mimi nikalia.

Jumatatu nakwenda Machame kwa mama yake Nelson. Yeye sina mzigo wa kumwondolea. Nitamwambia kwamba mwanawe alikuwa na akili, mimi nikamcheka, na alinitii kwa sababu alitaka nimpende. Sitaki ulisikie hilo kwa mtu mwingine.

Njoo unisindikize kama moyo utakuruhusu. Usipokuja sitakulaumu, nitakwenda peke yangu.

Baba yako,
Naftali